Madaktari Watatu, Mgonjwa Hakuna

Msusi aliletwa hospitali ya akili na kaka yake baada ya kukaa juma zima bila kulala, akisuka wateja, akisuka wanasesere wa watoto wa jirani, na mwishowe akisuka nyuzi za mapazia. Sasa usingizi ulikuwa umerudi, alichokosa ni shughuli tu. Kwa hiyo mpiga filamu alipokuja wodini na kamera yake, akitaka wasichana waigize maisha yao wenyewe, Msusi alijiteua kabla hajaulizwa.

"Mimi daktari."

"Daktari ni mimi," akadakia Wakili, mwanafunzi wa sheria wa kitanda cha dirishani. "Wewe unajua kuandika dawa?"

"Kwani wao huwa wanaandika kinachosomeka?"

Hata Kimya, ambaye tangu alazwe hakuwahi kufungua kinywa, alikwisha kuvaa koti jeupe la kuigizia. Mpiga filamu akajikuna kichwa. "Sasa mgonjwa nani?"

Kila mtu akatazama dari.

Hapo Matroni akaingia mbiombio kuuliza kelele za nini. Wakambembeleza, wakamvuta mikono, hadi mama wa watu akajilaza kitandani, viatu miguuni. "Haya, lakini msinicheleweshe."

"Unasikia sauti?" Msusi akamuuliza, amekunja uso.

"Nazisikia, daktari. Matroni, choo kimeziba. Matroni, funguo ziko wapi."

"Zinakufuata hadi nyumbani?"

"Nyumbani zinaniita mama."

Wakili akaziba mdomo kwa kiganja. Matroni akaanza kuinuka, kazi zinamngoja. Mkono mwembamba ukamrudisha kwenye mto.

"Alazwe," alisema Kimya.

Ilikuwa sauti ya kukwaruza, lakini ilikuwa sauti. Matroni akataka kujibu, machozi yakamlenga, akaona heri anyamaze asije akaharibu. Akalala chali. Punde si punde akawa anakoroma kikwelikweli, na Msusi akamvua viatu taratibu huku akimkodolea macho mpiga filamu: thubutu uzime hiyo kamera!

Filamu ilipoonyeshwa ukumbini, mbele ya madaktari wa kweli na jamaa za wagonjwa, Matroni alikana katakata. "Mimi sikoromi. Hiyo sauti mmeipachika."

"Ni wewe," sauti ya kukwaruza ikasema kutoka viti vya nyuma.

Ukumbi ukaangua kicheko. Msusi hakucheka mara moja. Aligeuka kwanza amwone Kimya, akamkuta amejiinamia, mabega yanamtikisika kwa kicheko, na hapo ndipo naye akashindwa kujizuia.