Vita Vilivyokwisha Saa Tatu

Sajenti aliacha mguu wake wa kulia kwenye kiwanda cha unga, siku ya mwisho ya vita. Baadaye, kambini, waliambiwa kwamba mapatano yalitiwa saini saa tatu asubuhi, na saa tano adui akawavamia. Kwa miaka miwili aliishi na hasira hiyo.

Kisha, kwenye karakana ya miguu ya bandia, akapangiwa mazoezi pamoja na mtu mmoja mfupi, mcheshi, aliyekatwa mguu wa kushoto. Walishikilia vyuma, kila mmoja kwenye njia yake, wakijikongoja kama watoto wanaosimama dede.

"Wakituunganisha, jirani, anapatikana mtu mmoja mzima," yule mfupi alisema.

Sajenti akacheka, akamuuliza wa kwake aliuacha wapi.

"Kiwanda cha unga. Nilikuwa mtu wa redio, upande wa pili."

Kicheko kikamkauka Sajenti. "Mlituvamia wakati vita vimeshakwisha."

"Nyinyi ndio mliingia kwa mlango wa ghala. Mimi nilikuwepo."

Fundi wa miguu, mama asiyependa makelele, akaweka bisibisi chini. "Mkitaka kupigana, vueni kwanza miguu yangu."

Wakakaa. Mtu wa redio akaeleza jinsi magunia yalivyopasuka, unga ukatanda, wote wakawa weupe hata usimjue wa kwenu. Alimfunga majeruhi mmoja jeraha, akamnywesha maji, ndipo akaona beji si ya jeshi lake.

"Mimi nilikuwa nampiga risasi kila anayekohoa," Sajenti alisema polepole. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe.

Mwenzake akasogeza kiti karibu. "Habari ya mapatano niliipokea mimi, saa tatu na dakika kumi. Kamanda akaniamuru nizime redio, tusonge mbele. Alikitaka kiwanda."

Hapo Sajenti akamkumbuka kapteni wake asubuhi ile: alivyoletewa kikaratasi, akakisoma mara mbili, akakitia mfukoni, akawaamuru nao wasonge mbele.

Wiki iliyofuata kapteni huyo, sasa meja, alifika karakanani na taarifa iliyokwisha kupigwa chapa. Siku ya maadhimisho Sajenti angeisoma jukwaani: adui alivunja mapatano. Ilibaki saini tu.

"Afande, kile kikaratasi cha asubuhi ile kilisemaje?"

Meja alimtupia jicho mtu wa redio, akaelewa. "Siku hizi unamsikiliza adui?"

"Namsikiliza aliyekuwa ndani. Wewe ulibaki nje, kwenye gari."

"Jina lako nitalifuta kwenye orodha ya mashujaa."

"Lifute. Utanitisha na nini, afande? Mguu nimeshautoa."

Meja alipoondoka, Sajenti aliomba karatasi. Mtu wa redio, mwenye mwandiko mzuri, akaandika yote: makamanda wote wawili, kikaratasi, redio iliyozimwa. Walipofika kwenye wale waliokohoa, akainua kalamu.

"Hili tuliache?"

"Liandike," Sajenti alisema. "Na jina langu liweke hapohapo."

Wakatia saini wote wawili. Fundi akaibandika mlangoni, wanapopita majeruhi wa pande zote.

Askari walitumwa kuibandua. Wakaiandika upya. Ikabanduliwa tena. Ilipobandikwa mara ya tatu, saini zilikuwa kumi na moja, na watu walikuwa wanasubiri zamu ya kalamu.