Pahali Padogo Kwanza

Usiku wa kuamkia leo niliota uso wangu umeitwa kikaoni, na mimi sikualikwa.

Nilijua pale nilipoinama kwenye karai kunawa. Maji yakapita moja kwa moja mpaka kisogoni, hayakukuta cha kuyazuia. Nikapapasa. Masikio yapo, kidevu kipo, katikati pako wazi kama dirisha lisilo na pazia. Sikushtuka. Niliwaza tu kwamba Nusura akiamka hatanijua.

Nusura ni mwanangu, ana meno mawili na hasira nyingi. Na kabla sijaendelea na ndoto, nieleze huu uso na shida zake.

Mama yangu, Bi Mwanamvua, alifariki Nusura akiwa bado tumboni. Alikuwa na uso wa mafuta. Ukimwona ng'ambo ya barabara, kwanza unaona paji linang'aa, halafu ndipo unamwona yeye. Uso huohuo kaniachia mimi. Msibani kila aliyenishika mkono alisema, "Mwenyewe hasa. Mwanamvua hajafa." Walidhani wananifariji. Niliporudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo, nikaanza kuuosha.

Nimeuosha kwa sabuni ya mche, hii ya kufulia. Nimeupaka limau. Nimeusugua kwa sukari, mpaka mume wangu Mbaruku akaniuliza, "Mama Nusura, huo ni uso au sufuria?" Nikiukausha asubuhi, kufika adhuhuri unang'aa kuliko jana.

Kuna na jambo la pili. Kwetu mtoto mchanga hukandwa na bibi yake. Bibi huchovya kidole gumba kwenye mafuta ya nazi, akamnyoosha pua taratibu huku akimwimbia upuuzi. Nusura hajakandwa. Shangazi Riziki alikuja kujitolea, nikamwambia mtoto amelala. Akaja tena, mtoto amelala. Mara ya mwisho alisimama mlangoni akasema, "Mtoto gani huyu, popo?" Akaondoka na chupa yake ya mafuta kwapani. Mimi ya kwangu sina. Chupa ya mwisho aliyopika mama ilikauka kabla sijajifungua, na dukani sikwenda. Nilikuwa nangoja mikono ambayo haiji, na mtoto anakua.

Basi jana mchana nikaenda kwa Hidaya wa duka la vipodozi, tuliyesoma naye darasa la jioni. Akaniuzia sabuni ya maji ya kuoshea uso, akanipa na masharti ya kuitumia. Nadhani hapo ndipo ndoto ilipopata mlango.

Sasa nimesimama bafuni bila uso. Nauliza taulo lililo msumarini kama limeuona.

"Umekwenda kikaoni," taulo linasema.

"Kikao gani?"

"Mimi nitajuaje? Miezi yote umenifanya msasa. Jana mchana ukaambiwa uso haukwanguliwi, unapapaswa. Hukuja hata kuniomba radhi."

Naliomba radhi. Linageukia ukutani.

Natoka. Nje ya bafu si ua wetu. Ni darasa letu la jioni, na meza zilezile za watoto wa shule ambazo magoti ya mtu mzima hayaingii. Mlangoni pamejaa viatu. Pembeni ya viatu, imepangwa mikono.

Mlinzi wa mlango ni chunusi. Ni mkubwa, mwekundu, amevaa kofia nyeupe iliyosimama vizuri kama ya mzee anayekwenda Ijumaa.

"Mikono huachwa nje," anasema.

"Yangu ni safi."

"Kila anayekuja husema hivyo. Uso hauguswiguswi, bibie. Mimi ningekuwa nimeshakwenda zangu zamani. Wewe ulinibinya, nikalazimika kuita ndugu."

Nyuma yake wamekaa ndugu, wananisalimia kwa heshima. Naitikia. Navua mkono wa kushoto kwa wa kulia. Wa kulia nauvua sijui kwa kitu gani, lakini unatoka. Nauweka karibu na ndala zangu nisije nikaupoteza.

Ndani, uso wangu umekaa dawati la mbele. Umechoka. Sikuwahi kuuona kutoka nje, na kwa hapa nilipo ni mama kabisa. Natazama chini.

Mwalimu ni sabuni ya mche. Ni mrefu, wa bluu, pembe zake zimelika.

"Mimi ni wa mashuka," Mwalimu Sabuni anasema mbele ya wote. "Nimesomea mashuka. Siku moja mtu kaniletea pua. Nifanye nini? Nimeifua kama shuka."

Kutoka nyuma limau linasema, "Mimi ni wa samaki," na kuanza kulia. Machozi yake yanamwingia jirani yake machoni, naye analia. Darasa zima linangoja wamalize.

"Uso," Mwalimu Sabuni anasema, "eleza. Kwa nini unatoa mafuta mengi hivyo?"

Uso wangu unasimama. "Naogopa," unasema. "Ananikausha mpaka nakakamaa. Najua kiangazi kimefika. Nikijua kiangazi kimefika, natoa akiba. Yeye akiona akiba, ananikausha tena. Sina ninachojua zaidi ya hicho."

"Kwa hiyo akikukausha kwa nguvu unatoa zaidi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na yale mengine?"

Uso unainamia dawati. Halafu unasema polepole, "Siku ya msiba aliambiwa asilie, atamdhuru mtoto tumboni. Akatii. Macho yakafungwa. Machozi yakaja kwangu yakauliza, tutokee wapi? Nikayatoa palipokuwa wazi, kwenye paji na kwenye pua. Watu wanaona mafuta. Ni hayo."

Chunusi mlangoni anavua kofia yake, anaitazama ndani, anaivaa tena.

"Twende nyumbani," nauambia uso wangu. "Nusura ataamka."

"Nitakuja. Kwanza ushuke ghalani. Kuna mtu anakungoja tangu uanze hiyo sabuni."

Sakafu ya darasa inainama, inakuwa mteremko laini unaoteleza. Ni pua yangu. Natelezea kwenye moja ya matundu yake, na tundu ni pana kama kisima, lina joto, linanuka tui linalochemka.

Chini ni jiko la mama.

Amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, amenipa mgongo, anakuna. Sufuria iko mekoni, tui limeshakatika na mafuta yanaanza kujitenga. Kanga yake ni ileile tuliyomfunika.

"Umechelewa," anasema bila kugeuka. "Nazi zimebaki chache."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Limau, mwanangu? Kwani mimi samaki kibua?"

Nainamisha paji.

"Na mikono yako iko wapi?"

"Nimeiacha mlangoni."

"Vizuri. Ulikuwa unanichubua." Anapuliza moto. "Ulipozaliwa nilikukanda kila asubuhi na kila jioni. Chupa kwa chupa. Baba yako akasema tutafilisika kwa pua ya mtoto mmoja. Ulidhani mafuta yale yalikwenda wapi? Yaliingia. Nimekaa hapa nayapika yasivunde, kila adhuhuri nakuletea kidogo juu, ujue nipo. Nawe unafuta."

"Sikujua ni wewe."

"Ulijua," anasema. Hana hasira. "Ndiyo maana ulifuta."

Nazi inaisha mkononi mwake. Anachukua nyingine. Naona kidole gumba chake cha kulia na lile kovu la mbuzi linalokipita mshazari, alilolipata siku ya harusi yangu akikuna huku anatazama ngoma.

"Mama, njoo umkande Nusura," namwambia. "Hajakandwa. Mifupa ya uso itakomaa hivihivi. Njoo umkande wote, kichwa mpaka nyayo, mimi nitakaa pembeni."

Anaweka nazi chini. Anasimama, anajifunga kanga kiunoni sawasawa. Anageuka. Uso wake unang'aa kiasi kwamba moto unajiona humo.

"Samahani, bi mkubwa," anasema Chunusi. Sikumsikia akishuka. Ameshika kofia mkononi. "Kuna sharti."

"Lipi?" nauliza.

"Kitu kipya hakipakwi uso mzima siku ya kwanza. Kinajaribiwa pahali padogo, mtu anasubiri mpaka asubuhi, aone kama ngozi inavumilia."

"Mama yangu si kitu kipya," nasema.

"Kwa mtoto ni mpya. Hajawahi kumpata."

Hilo linaniingia kama limau kwenye mchubuko.

"Na kwako pia," Chunusi anaendelea, kwa upole wa mtu aliyetumwa. "Tangu tumzike, jina lake hujalitaja hata mara moja. Umekaa bila kumpaka muda mrefu. Ukimpaka wote leo, utaungua."

Namgeukia mama nikitegemea atamfukuza. Hakumwogopa mtu maishani mwake, hata afisa wa soko. Lakini anatikisa kichwa kukubali.

"Mwenye kofia anasema kweli," anasema. "Hata mimi mwenyewe nikikupa kwa pupa nitakuunguza. Pahali padogo, mwanangu. Chagua."

Nafikiria mashavu ya Nusura. Nafikiria nyayo zake. Nafikiria utosi ambao bado unapumua.

"Pua," nasema.

"Pua," mama anakubali. "Ya Mbaruku ile. Inahitaji msaada."

Anachovya kidole gumba kimoja tu kwenye sufuria inayochemka. Hakiungui. Jiko linakuwa chumba chetu, chandarua kimefungwa, Mbaruku amelala amefungua kinywa. Nusura yuko macho. Ametulia, anamtazama mama kama anayemkumbuka.

Mama anainama. Anaweka kidole juu ya pua, kati ya macho, anakishusha taratibu mpaka nchani, na hapo anaibonyeza kidogo na kuiacha. Mara moja. Nusura anapiga chafya.

"Wallahi ni ya Mbaruku," mama anasema, na anacheka kile kicheko chake cha puani.

Nataka kumkumbatia. Sina cha kumkumbatia nacho.

"Mama, ngoja. Ngoja hapo hapo, nikachukue mikono."

Nakimbia. Mlangoni viatu vimekuwa vingi kuliko mwanzo, na mikono imejaa mpaka barabarani. Ni mikono ya wote waliokuja kuzika, bado ina udongo. Naiita yangu. Haina masikio. Naitafuta kwa kuikanyaga kwa unyayo, mmoja mmoja, mpaka nakanyaga mmoja unaotetemeka. Ni wangu. Wa pili umeushika huo wa kwanza.

Ninaporudi, mama hayupo. Chunusi hayupo. Juu ya mto wangu umelazwa uso wangu, umelowa.

Nauinua kwa mikono yangu yote miwili. Siusugui. Naupapasa mahali pake, kipande kwa kipande, paji, mashavu, pua, kama nilivyoambiwa. Unakaa. Halafu macho yanafunguka, na machozi yanatoka kwa njia yake.

Nikaamka ninalia. Kulikuwa kumeshapambazuka. Mto ulikuwa chepechepe, na paji langu, nilipoligusa, kwa mara ya kwanza lilikuwa kavu.

Mbaruku alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amempakata Nusura. Hakuniuliza kwa nini nalia. Ni mtu wa kungoja. Aliuliza kingine.

"Umempaka nini mtoto puani?"

Nikamsogeza mtoto kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye pua yake, kutoka kati ya macho mpaka nchani, palikuwa na mstari wa mafuta. Ulianza na alama ya kidole gumba, imejaa na iko wazi. Katikati ya alama ile ulipita mchirizi mkavu wa mshazari, pale ambapo mafuta hayakugusa.

Nikatazama vidole gumba vyangu. Ni laini vyote viwili. Nikatazama vya Mbaruku. Nikainama nikamnusa mwanangu. Nazi, na moshi kidogo.

"Mama Nusura? Ni nani kampaka?"

"Bibi yake," nikasema. Nikalitaja na jina. "Bi Mwanamvua."

Mbaruku alinipisha nikae karibu naye.

Nikaichunguza pua ya mwanangu kama Hidaya alivyonifundisha, pande zote mbili. Hakuna wekundu. Hakuna kipele. Ngozi imevumilia.

Nilinawa uso mara moja, kwa maji na ile sabuni mpya, nikaupapasa kwa taulo, nikalitundika taulo vizuri msumarini. Kisha nikachukua simu nikampigia Shangazi Riziki.

"Shangazi," nikamwambia, "njoo na chupa yako ya mafuta. Mtoto ameamka."