Mkwe Anataka Kupita

Baba Lusubilo alikuwa ameketi katikati ya uwanja, kiti chake kimeziba njia yote, redio ya flashi kaipakata mapajani kama mjukuu. Besi ilidunda mpaka mfuniko wa sufuria, ulioanikwa juani pamoja na vyombo vingine, ukawa unacheza wenyewe. Mzee alikuwa amefumba macho, kichwa kinakubali, kinakubali, kinakubali.

Mkewe, Tabita, alisimama mbele yake na ufagio mkononi.

"Baba Lusubilo, mkwe anataka kupita!"

"Subiri wimbo uishe."

"Hata ule uliopita ulisema hivyo hivyo."

"Ule ulikuwa mwingine. Hii ni albamu, mama. Albamu siyo ugali, umege tonge moja unawe mikono. Inasikilizwa toka mwanzo mpaka mwisho, ndipo umwelewe mtu anasema nini."

Tabita akashusha pumzi. Hapo kwao, milimani Ileje, bado wanashika desturi ya Kindali ya zamani: mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Mkwe akitaka kupita, anatuma neno, mzee anaingia ndani au anageukia migombani, mkwe anapita, maisha yanaendelea. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Tangu mwanawe Lusubilo amuoe Imelda, Tabita ameshawapisha wale wawili mara zisizo na idadi, na hakuna aliyewahi kumchosha kama mumewe siku hiyo.

Maana Imelda alikuwa amesimama nyuma ya jiko, kavaa gauni lake la kanisani, begi begani, kikapu cha ndizi za kupika miguuni. Mama yake alilazwa Vwawa na kesho asubuhi alikuwa anapasuliwa. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu, amwone binti yake kabla hajaingizwa chumbani. Gari la kwenda huko lilikuwa moja, Noah ya Eliakim, nayo ilikuwa imeshapiga honi kule kanisani. Njia ya nyuma haikuwepo tena. Mvua za juzi ziliubomoa ukingo pamoja na mibuni yake, ukaangukia korongoni. Hata mbuzi walikuwa wakifika pale wanageuza.

Tabita akazunguka jikoni.

"Mama, bado?" Imelda alinong'ona. Macho yalikuwa mekundu.

"Bado anakombolewa na huo muziki wake," Tabita akasema. "Shika kikapu, kaa tayari."

Honi ikalia tena, safari hii karibu na mashine ya kusaga. Tabita akarudi uwanjani, ndala zinapiga pa, pa, pa.

Redio ile aliileta Lusubilo kutoka Tunduma, na ndani ya flashi rafiki yake mmoja wa Nakonde alimwekea rege ya zamani, ile ya siasa. Lusubilo alijua baba yake ujanani alifanya kazi migodini Zambia, na Kiingereza alichotoka nacho huko bado anacho. Alidhani anamfurahisha mzee. Hakumfikiria anayeishi na mzee.

"Huyu sasa anasema nini?" Tabita aliuliza, akijaribu njia nyingine.

Mzee akafumbua macho, akafurahi kuulizwa.

"Aa, hapa pazito! Anasema wakubwa wameweka viti vyao katikati ya njia. Wadogo wana safari, wana mizigo, hawana pa kupita. Wakubwa wanaambiwa sogea, wao wanasema ngojeni."

Tabita akamtazama. Akatazama kiti. Akamtazama tena, akingoja neno lile liingie. Alikuwa tayari kungoja kidogo, kwa kuwa ni mtu wa subira.

"Yanauma, haya maneno," mzee akasema, akafuta jicho, akaongeza sauti.

Honi ikalia pale chini kwenye wembamba wa barabara, ndefu, ya dereva aliyeshika gia.

Hapo Tabita akaweka ufagio chini. Akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, kile kipana cha Zambia chenye picha za tausi, akakikung'uta, akamfunika mumewe kuanzia kichwani mpaka magotini, pamoja na redio.

"Mama Lusubilo! Unafanya nini?"

"Tulia hapo! Imelda, pita! Kimbia, mwanangu, mwambie mama tunamwombea!"

Imelda akatoka nyuma ya jiko ameinama, kikapu kichwani, akapita kando ya kile kilima cha tausi bila kugeuza shingo, akashuka njia akikimbia. Mlango wa Noah ukasikika ukibamizwa, kisha injini ikaondoka ikilalamika kupanda mlima.

Chini ya kitenge, besi iliendelea kudunda.

"Keshapita?" mzee aliuliza.

"Keshapita."

"Nifunue, basi."

"Subiri wimbo uishe."

"Kwani alikuwa anakwenda wapi, na haraka yote hiyo?"

"Vwawa! Mama yake anapasuliwa kesho! Nimekuambia toka wakati wa chai!"

Mkono ukatoka chini ya kitenge, ukapapasa, ukapata kitufe. Uwanja ukawa kimya, hata mfuniko wa sufuria ukatulia. Sauti ikatoka ndani ya tausi, ndogo, yenye uchungu wa kweli:

"Sasa mama, jambo kubwa namna hiyo, mbona husemi kwa sauti?"

Tabita akaokota ufagio wake, akaenda kufagia upande wa pili, akamwacha vile vile alivyofunikwa.