Wimbo wa Kuagana

Tarumbeta si kosa, kosa kunipigia dirishani! Bi Zuwena anafoka uani, mikono kiunoni. Kwani dirisha umelinunua pamoja na upepo wake? anamjibu Bi Mwantumu, jirani wa mlango wa pili, asiyekubali kushindwa kwa mdomo. Kijana anatoa albamu, kesho utamsikia redioni utambe kwamba unamjua. Redioni nitamzima, shoga, hapa nimzimeje? Ndani, Hizza, mpigaji mwenyewe, amejilaza mchana huu wa jua kali na anacheka peke yake. Jana kamaliza kurekodi studio. Nyimbo zote ni za bendi ya babu yake, zile za suingi, enzi watu walipokwenda dansini na suti na tai, mabibi na glavu nyeupe. Kazirekodi zote isipokuwa mmoja, wimbo wa kuagana. Fundi mitambo alisema umepoa mno, na Hizza akauacha, ingawa anaijua desturi: katika dansi la babu, hakuna aondokaye ukumbini mpaka wimbo huo upigwe. Macho yanakuwa mazito, ugomvi wa majirani unasogea mbali, unakuwa mvumo, na anapotaka kugeuka ubavu anajikuta amesimama barabarani na tarumbeta mkononi.

Barabara ni nyeusi, inang'aa, inazunguka kama mistari ya santuri, na kila akienda mbele anarudi pale pale, ila karibu zaidi na katikati. Nyumba za kando ni vioo vitupu. Yeye anapita, taswira zake zinabaki nyuma zikimtazama. Mtu anatembea ubavuni mwake, suti imepigwa pasi ikanyooka, uso laini kama yai lililomenywa. Shikamoo, anasema Hizza, maana suti ni ya kizee. Marahaba, mjukuu, sauti inatokea kifuani. Tunakwenda wapi, babu? Ulikotuita. Mimi sijaita mtu. Aliyefungua mlango asiufunge, kaita au hakuita? Barabara imekwisha, wako ukumbini, na ukumbi umejaa watu wanaocheza wawili wawili, wote hawana nyuso, vichwa vimelala mabegani, miguu inaburuzwa lakini haisimami. Wameanza lini? Ulipoanza wewe. Na wataacha lini? Piga, mjukuu, piga tusikie. Anapiga wimbo wa kwanza wa albamu, na akimaliza midomo imekufa ganzi. Anapiga wa pili, anajiona kiooni: midomo imefifia kama chaki iliyopitishiwa kitambaa. Moyo unamlipuka. Mdomo ndio kazi yake, ndio jina lake mjini! Babu, niache niende. Nani kakushika? anauliza mwenye suti, na wachezaji wanazidi kusogea, wanamzunguka, wanamwegemea, wazito kama nguo mbichi. Ndipo anapouelewa mlango ule aliouacha wazi studio. Anaibana tarumbeta kwa kipande cha mdomo kilichobaki, anaupiga wimbo wa kuagana, polepole, unakatika, anaushika tena. Miguu inasimama. Mabibi wanaokota mikoba, waungwana wanatafuta kofia, mmoja mmoja wanamwinamia na kutoka, mpaka ukumbi unabaki mweupe. Wanakwenda wapi? anauliza. Nyumbani. Nyumbani kwa nani tena, miaka yote hii? Mwenye suti anavaa kofia yake taratibu. Mtu huenda kwa anayemjua, mjukuu. Na sisi tunakujua wewe.

Hizza anashtuka kitandani, shuka limelowa jasho. Nje kimya, hakuna anayegombana. Anatoka uani akipepesuka, na mlango wa Bi Mwantumu uko wazi, ndani giza la mchana na nyumba imefurika watu, wamekaa mkekani wamempa mgongo, suti na joto lote hili, wameinamia sinia za pilau, hakuna kichwa kinachogeuka. Bi Mwantumu amesimama kizingitini na upawa, kivuli kimemkata shingoni kwenda juu. Umeamka? Wageni wako hao, ningewaachaje juani! Wastaarabu, hata kelele hawana. Zuwena mwenyewe kasahau ugomvi, anawapakulia. Hizza anataka kumuuliza kama hapa ni huku au bado ni kule, sauti haiji. Mkono wake umefika kidevuni, unasita kupanda. Mbona umeniduwalia, mwanangu? Nawa, ingia ule na wenzio. Au chakula huna pa kukitia?