Siku ya Mwisho ya Kuingia Shaurini

Waceke alikuwa akifundisha wasichana ushonaji katika nyumba ya mbao aliyoikodi Kabiria mwaka wa 1969. Alikuwa na cherehani nne, meza ndefu ya kukatia vitambaa, na dirisha lililoingiza jua mpaka saa kumi. Wanafunzi wake walikuwa kumi na mmoja. Kila mwaka wawili watatu walipata kazi mjini, na jambo hilo lilimfurahisha kuliko sifa zote alizopewa kanisani.

Mwezi wa Machi 1974, siku ya Jumanne, mtu wa korti alifika kwa baiskeli, akamtaka sahihi, akamwachia samansi. Aliyemshtaki alikuwa Haron, mtoto wa mwenye nyumba. Baba yake, Mzee Ephantus, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Haron, aliyefanya kazi Nakuru miaka hiyo yote, alirudi akakuta katika makaratasi ya marehemu mkataba wa miaka minne uliokwisha muda wake. Akataka nyumba. Waceke alijaribu kumweleza kwamba mzee alimwongezea miaka mitano kwa barua, lakini Haron hata hakushuka garini.

"Kila mpangaji ana barua ya marehemu," alisema, akaondoka.

Samansi ilikuwa ya Kiingereza. Waceke alimpa Wahu, mwanafunzi aliyefika kidato cha pili, amsomee.

"Mwalimu, wanasema ufike kortini kabla siku kumi na tano ziishe. Usipofika, hakimu ataamua bila kukusikiza."

Basi Waceke akafika. Alimaliza kwanza sare za shule alizokuwa ameahidi, na zilipobaki siku tatu akavaa koti lake la bluu, akapanda basi mpaka mjini. Askari wa mlangoni alimwambia akae kwenye benchi, ataitwa. Alikaa Jumatatu mpaka jioni. Alikaa Jumanne. Majina mengi yaliitwa, lake halikuitwa.

Jumatano asubuhi, siku ya mwisho, mzee mmoja mwenye kofia ya kazi ya mkono alisimama mbele yake, majalada kwapani. Alikuwa Hemed Mabruki, mtu wa Mombasa, karani wa wakili mmoja wa mjini.

"Mama, shikamoo sikuamkii maana naona nimekuzidi umri," alisema akitabasamu. "Lakini leo siku ya tatu nakuona hapa. Una kesi gani?"

Waceke alimpa samansi. Hemed aliisoma, akatazama tarehe, tabasamu likapotea.

"Umeshaingia shaurini?"

"Si niko hapa, mzee? Tangu juzi niko hapa."

"Huku si kuingia. Kuingia shaurini ni karatasi, si mwili. Unaandika kwamba wewe mshtakiwa umepata samansi na utajitetea. Unatia namba ya kesi, jina, sahihi, mahali unapokaa na sanduku lako la posta, ili upande wa pili wajue pa kukuletea hati zao. Karatasi hiyo unaipeleka masjala, wanaigonga mhuri. Kesho wakili wao atakuja kufungua jalada. Asipoiona, anaomba hukumu papo hapo, na wewe uko kwenye benchi hili hili."

Waceke alisimama. "Kwani mimi mwenyewe sitoshi?"

"Kwa leo hutoshi, mama. Leo wanataka karatasi."

Hemed alimpeleka ofisini kwao, akapiga chapa hati hiyo nakala mbili na kuacha nafasi ya anwani. Waceke hakuwa na sanduku la posta. Barua zake zote zililetwa kwa mkono.

"La kwetu siwezi kukupa," Hemed alisema. "Wakili, tajiri wangu, yuko Mombasa mpaka Jumatatu, na hajakubali kesi hii. Nikitia sanduku lake nitakuwa nimemsemea. Tafuta mtu unayemwamini. Masjala inafungwa saa tisa."

Waceke alimkumbuka Bi Khamisa wa Kileleshwa, mke wa ofisa wa serikali, ambaye yeye Waceke alikuwa akimshonea nguo za harusi ya bintiye. Alikwenda huko kwa basi na kwa miguu, akafika anahema. Bi Khamisa alimsikiliza akiwa mlangoni, hata hajamkaribisha ndani.

"Sanduku tu, mamangu? Andika namba. Barua ikija naituma kwako siku hiyo hiyo. Na maji unywe kwanza, usije ukaniangukia hapa."

Saa nane na nusu Waceke alikuwa mbele ya dirisha la masjala, Hemed kando yake. Karani wa masjala alizigeuza zile karatasi.

"Ziko mbili. Nataka tatu. Moja ya jalada, moja ya mshtaki, moja yako."

Hemed akajipiga paji la uso. Ofisini kurudi na kupiga chapa upya muda haukutosha.

"Ya mkono inakubalika?" Waceke aliuliza.

"Ikisomeka."

Waceke alivua koti, akaegemea kaunta, akanakili neno kwa neno, herufi zake zimenyooka kama mshono wa ukosi. Karani aliitazama akasema, "Hii ni safi kuliko hizo za mashine," akagonga mhuri mara tatu. Nakala ya Haron ilipelekwa kwa wakili wake alasiri ile.

Wiki mbili baadaye barua ilikuja kwa sanduku la Bi Khamisa. Haron aliomba korti itoe hukumu ya haraka bila kusikiza mashahidi, kwa kuwa mpangaji hana utetezi wowote. Safari hii Waceke alikuwa na wakili. Tajiri wake Hemed alikubali kazi hiyo, naye Waceke akakubali kuishonea ofisi yake mapazia mapya. Waliandika hati ya kiapo, wakaambatanisha nakala iliyopigwa chapa ya barua ya mzee.

Siku ya kusikizwa, hakimu alitaka kuiona barua yenyewe. Aliisoma, akaipitisha kwa upande wa pili. Haron aliishika. Waceke alimwona akisimamisha macho kwenye mstari wa kwanza, kisha akirudi tena juu.

Hakimu alisema utetezi upo, akampa Waceke ruhusa ya kujitetea kwenye kesi kamili.

Nje, Haron alimfuata kwenye ngazi.

"Ni mkono wa baba," alisema. "Mimi nilidhani unanidanganya. Hata humo ameandika wasichana wako wasisumbuliwe. Mimi Nakuru aliniandikia mara mbili tu."

"Alikuwa akija Ijumaa," Waceke alimwambia. "Anakaa kwa mlango, anawauliza wasichana nani ameshona kombo leo. Wewe pia alikuwa anakutaja. Alisema unajua hesabu."

Haron alicheka, macho yamelowa. "Kesi nitaiondoa. Miaka yako mitano imalize. Lakini ile barua, unaweza kunipa niisome nikiwa nimekaa?"

Walikaa ngazini, Waceke akamngoja aisome mpaka mwisho, kisha akamwelezea Ijumaa zote alizozikumbuka, mpaka wakapitwa na basi la saa saba.