Saa Iliyopima Muhogo

Miaka miwili mfululizo mume wangu Alfani hakufunga Ramadhani. Daktari alimkataza. Sukari yake haitulii, na vile vidonge anavyomeza, vikimkuta na tumbo tupu kutwa nzima, humwangusha. Tukawa tunatoa fidia, sahani ya wali na mchuzi kila siku kwa mzee mmoja wa hapa Munje asiye na mtu. Yeye Alfani akawa anakula mchana jikoni, mlango umefungwa, anatafuna polepole na kijiko anakishika mbali na sahani kisigonge. Mimi huku nje nilikaa juu ya mbuzi nikakuna nazi kwa nguvu, hata nazi isipohitajika, ili watu wapitao wasikie kelele zangu, si zake.

Hakuwahi kusema kwamba lilimuuma. Lakini magharibi, wenziwe walipotoka msikitini wakitafuna tende zao, yeye alipita nyuma ya nyumba.

Tena kulikuwa na sindano. Hasina, muuguzi wa zahanati yetu, alitupa kimashine cha kutoboa kidole na kupima tone la damu, asubuhi na jioni. Alfani hushona makuti ya kuezekea, na hizo ni kazi za ncha za vidole: ukunje kuti juu ya ufito, upitishe uzi, ukaze. Kidole kilichotobolewa kila siku hakikazi. Alikuwa akiguna kila akivuta uzi.

Basi siku moja akarudi kutoka Ukunda, alikopeleka makuti, uso umekunjuka. Alikuwa amesikia gari lenye vipaza sauti likitangaza: "Sindano basi! Sukari, presha, moyo na usingizi, vyote mkononi mwako!"

"Ni saa, Twaiba," akaniambia. "Saa ya mkononi. Waivaa tu, yasoma sukari."

"Yasoma wapi?"

"Si kwenye mkono!"

Wiki ile ile nikafuatana naye hadi duka la Ukunda linalouza saa hizo. Sikutaka aende peke yake, kwa sababu Alfani akipenda kitu haulizi. Mlikuwa na taa nyingi mle ndani mchana kweupe, na ukutani picha ya mzungu wa mvi akikimbia ufuoni na saa mkononi. Wazungu wa namna hiyo tumewaona wengi pale Diani. Sikupata kumwona hata mmoja akikimbia baada ya kushona makuti mia.

Msichana wa duka alikuwa mchangamfu, kucha zake za rangi ya zambarau. Kifuani kimeandikwa Beryl.

"Karibu sana, Shosho."

"Mimi si Shosho, mwanangu. Huko ni bara. Hapa mimi ni Bibi."

Akacheka, akainama kidogo. "Pole, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, niambie, hii saa yaionaje damu nayo imo ndani?"

Akaigeuza. Chini yake kulikuwa na taa ndogo ya kijani ikipepesa. "Hii taa inapenya ngozi, inasoma. Halafu ina akili bandia, ndiyo inapiga hesabu."

"Akili ya nini?"

"Bandia, Bibi."

"Yaani si ya kweli?"

"Ni ya kweli kabisa! Inaitwa tu bandia."

"Mwanangu, hapa kwetu noti bandia ikishikwa, mwenye nayo hulala ndani."

Alfani akanikanyaga mguu. "Wewe umekuja kununua au umekuja kuhukumu?"

Nikamuuliza yule msichana swali moja ambalo nilikuwa nimelitia moyoni tangu nyumbani: kuna mtu aliyejipima kwa saa hii, kisha hapo hapo akajipima kwa sindano, hesabu zikawa sawa?

"Bibi, wateja zaidi ya elfu kumi wanaitumia."

"Sikuuliza waliinunua wangapi."

Akatazama mlangoni, kisha akasema kwa sauti ya chini, bila ule uchangamfu, "Hata mimi nimemnunulia mamangu." Nikamwona kwamba hasemi uongo. Hilo lilinitia hofu zaidi, kwa maana mwongo ungeweza kumbana.

Alfani alikuwa ameshaivaa. Kioo kikaandika tano nukta sita, na chini yake kiuso kidogo cha kijani kikicheka. Naye akacheka. Sijui ni miezi mingapi nilikuwa sijamwona akicheka kwa sababu ya sukari yake.

Tukaenda nayo nyumbani.

Asubuhi tano nukta sita. Jioni, baada ya wali wa nazi, tano nukta sita, pengine tano nukta saba. Kimashine cha Hasina kikaingia kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni. Vidole vya Alfani vikapona, makuti yakarudi kuwa ya kukaza, wala siwezi kukataa kwamba nyumba ilitulia. Msikitini wazee walimshika mkono wakautazama kama wanatazama mtoto mchanga. Na siku tatu kabla ya mwezi kuandama, tumekaa kwa chai, akasema bila kuniangalia:

"Mwaka huu nafunga."

"Daktari alisema..."

"Daktari alisema nikiwa na sukari mbaya. Tazama mwenyewe." Akaninyoshea mkono. Kiuso kilikuwa kikicheka.

Usiku sikupata usingizi. Kesho yake, Alfani alipoingia kuoga akaiacha saa juu ya mkeka, mimi nilikuwa namenya muhogo niliopewa na dada yangu Mbodze, muhogo uliong'olewa asubuhi ile ile, mnene kama mkono wa mtu. Nikautazama muhogo. Nikaitazama saa. Nikaufunga ule mkanda kwenye muhogo, tundu la tatu, lile lile la Alfani, nikauweka chini juu ya sinia.

Taa ya kijani ikapepesa. Kioo kikafikiri. Kisha kikaandika: sukari tano nukta sita, moyo mapigo sabini na mawili. Kiuso kikacheka.

Nikaubeba muhogo na saa yake hadi mlango wa bafu. Alipotoka na kikoi chake nikamwonyesha. Nusu nilikuwa na hofu, nusu na furaha, maana nilidhani mambo yamekwisha.

Alfani akaangalia kwa muda. Maji yalikuwa yakimchuruzika kwenye ndevu.

"Muhogo si wanga?" akauliza.

"Ni wanga."

"Na wanga si sukari? Hasina hakukukataza wewe kunipa muhogo mwingi kwa sababu una sukari?"

"Alinikataza."

"Basi. Yasoma hata muhogo." Akafungua mkanda kwa upole. "Subhanallah, wazungu hawa."

"Na moyo, Alfani? Muhogo una moyo?"

"Ulikuwa umeubeba wewe. Huo ni moyo wako."

"Nilikuwa nimeuweka kwenye sinia!"

"Haya, Bibi Hakimu."

Siku ya pili nikaifunga kwenye chupa ya chai. Ikaandika tano nukta tano. Akasema ndani mna chai yangu, nami najijua ninavyotia sukari. Nikaenda uani kutafuta jiwe. Akanipokonya, akasema nitamkwaruzia kioo.

Nikachukua simu nikapiga nambari iliyokuwa kwenye boksi. Akapokea Beryl yule yule, sauti niliitambua. Nikamweleza habari za muhogo.

"Bibi, lakini imeandikwa. Hii ni ya kukusaidia kujijua tu. Usifuate kwa mambo ya dawa."

"Imeandikwa wapi?"

"Kwenye karatasi ya ndani, ukurasa wa nyuma."

Nikaitafuta. Ilikunjwa mara nane, herufi kama sisimizi, Kiingereza kitupu. Mimi niliishia darasa la saba, na Kiingereza changu ni cha kusoma jina la dawa. Nikarudi kwenye simu. "Mbona gari lilitangaza kwa Kiswahili, na hili limeandikwa kwa Kiingereza?"

"Mimi nauza tu, Bibi," akasema. Sikumsikia kama mtu mwenye jeuri. Alikuwa kama mtu aliyesimama mahali pamoja na mimi, naye pia hana pa kwenda. Nikamuuliza kama mama yake angali anaitumia. Simu ikakatika, au akaikata.

Nikamwendea Maalim Abdulrahim, imamu wetu. Akaja baada ya alasiri, akamwambia Alfani kwa upole kwamba mgonjwa ameruhusiwa, na kujitia hatarini si ibada. Alfani akamjibu, "Maalim, kama mimi ni mgonjwa ama si mgonjwa, hilo ni la daktari." Akaja Hasina na kimashine chake, akamwambia hafai kufunga. Alfani akamjibu, "Mwanangu, saumu ni jambo la dini." Ukimshika huku atokea kule, na katikati ameiweka saa yake.

Hasina alinivuta kando penye pipa la maji. "Bi Twaiba, siwezi kumfunga kamba. Ukimwona atoka jasho la baridi, maneno yanapotea, usingoje mtu. Asali, au sukari, ipake ndani ya shavu lake. Ndani ya shavu, usimmiminie maji akapaliwa. Kisha unipigie."

Mwezi ukaandama. Alfani akafunga.

Siku ya kwanza alikuwa kama bwana harusi. Magharibi alisimama mbele ya msikiti na tende yake mkononi pamoja na wenziwe, hata Mbodze akanambia, "Mwache, dada, hebu mtazame." Nikamtazama. Kwa siku saba nilimtazama, alfajiri mpaka magharibi, na kila nikimuuliza hali akaninyoshea mkono, hata mdomo hafungui.

Siku ya nane, saa tisa unusu, jua kali la Machi, alikuwa barazani anashona. Nikaona makuti matatu ameyakunja upande usio wake. Alfani ameshona makuti miaka arubaini, hata gizani hakosei upande. Nikamsogelea. Shingo yake ilikuwa imelowa, na nilipomgusa ilikuwa baridi.

"Alfani, fungua saumu."

"Ngoja tumalize hili, Mwanamkasi," akasema. Mwanamkasi ni dada yake, alifariki zamani tukiwa vijana.

"Mimi Twaiba. Fungua, nakuomba. Kwa haki ya watoto tuliozaa."

Akajitahidi kuinua mkono. Kiuso cha kijani, tano nukta sita. "Tazama," akasema, ulimi mzito. "Mzima. Bado kidogo tu."

Zilibaki saa tatu nzima mpaka adhana ya magharibi.

Nilileta kikombe cha maji ya sukari. Akafumba mdomo. Mume wangu, mtu wa miaka sabini na moja, akafumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa, akageuza uso. Nikapiga magoti. Nikasema maneno yote niliyokuwa nayo, ya dini na ya dunia. Nguvu za kumfungua mdomo ningekuwa nazo, lakini mtu akikukatalia huku anakutazama machoni, mkono hauendi. Nilingoja. Hilo nalisema wazi, nilingoja na kikombe mkononi mpaka macho yake yalipoacha kunitazama na kichwa kikaanguka juu ya makuti. Hapo ndipo nilipokimbilia asali.

Nilimlaza ubavu, nikampaka ndani ya shavu kwa kidole changu, tena na tena. Mbodze alikuwa akipiga simu huku analia. Hasina alifika kwa bodaboda, akamtoboa kidole. Mbili nukta moja, chini mno. Na hiyo ni baada ya asali. Mkono wa pili saa ilikuwa ikiendelea kucheka.

Alizinduka hospitali, mshipa wa kulia umewekwa dripu. Ilikuwa jioni, wageni wa wagonjwa wengine wamejaa na vikapu vya futari. Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Adhana imepigwa?" akauliza.

"Imepigwa."

"Ilinikuta nimefunga?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamweleza vile vilivyokuwa, makuti, jasho, Mwanamkasi, asali. Nikamtajia ile mbili nukta moja. Alisikiliza mpaka mwisho, hajakasirika, na afadhali angekasirika.

"Ulinifungulisha, Twaiba."

"Ulikuwa unakufa."

"Nilikuwa nimesinzia, jua lilikuwa kali. Saa ilionyesha vyema, si uliiona?" Akatulia kidogo kukusanya pumzi. "Kimashine cha Hasina ni cha zamani, maskini. Serikali haiwapi vipya."

Jirani wa kitanda cha pili, mzee kutoka Jego aliyeletwa kwa sukari hiyo hiyo, mguu umefungwa bendeji, akajiinua kwa kiwiko. "Ndiyo ile isiyotaka sindano? Nimeisikia redioni. Yauzwa wapi?"

"Ukunda," Alfani akamjibu, akaiokota saa juu ya shuka akamgeuzia kioo akione. "Mwambie mwanao akupeleke."

Nilifungua mdomo kumwambia yule mzee habari za muhogo. Alikuwa ameshamwita bintiye aandike jina la duka. Nikaufunga.

Nilishawaza kuitupa saa hiyo chooni. Nimeliwaza hilo sana. Lakini angenunua nyingine, na hiyo ya pili angeivaa bila kuniambia, akajipima peke yake, na siku ya kuanguka nisingekuwepo kumwona akikunja kuti vibaya.

"Siku moja tu," Alfani alikuwa akisema, macho yameanza kufumba. "Hiyo moja nitailipa baada ya Idi. Na hizi zilizobaki nikitoka naendelea, inshallah." Kisha akanyosha mkono wa kushoto. Mkanda ulikuwa umefunguka walipokuwa wakimhamisha, na mkono wa kulia una dripu, hawezi kujifunga.

"Nifunge, mke wangu."

Nikamfunga. Tundu la nne, maana amekonda.