Makofi Kati ya Makoti

Walimwita Chiriku tangu utotoni, na si kwa ajili ya kuimba tu. Alikuwa na uwezo wa kuongea na ukuta hadi ukuta uombe ruhusa ya kuondoka. Sasa alikuwa na miaka thelathini na nne, anapiga pasi katika duka la udobi la shangazi yake, na jioni akirudi chumbani kwake anatunga nyimbo na kuzirekodi mwenyewe. Vifaa vyake vilikuwa laptopu isiyo na herufi M na kipaza sauti alichokifunga kwa kamba kwenye mpini wa fagio.

Alikuwa ameshaweka nyimbo sita mtandaoni. Wa sita, "Usinikimbize", aliupenda kuliko zote. Aliutunga akiwa kazini, kwa mwendo wa pasi: kwenda, kurudi, kuinua, kupumua. Ulikuwa na wasikilizaji kumi na mmoja, na wanne kati yao alikuwa yeye mwenyewe kwenye simu za watu.

Hakukata tamaa. Aliutuma wimbo kwa kila namba aliyokuwa nayo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wakiwemo wateja wa duka. Mpaka siku wakili mmoja alipoegemea kaunta na kumwambia shangazi, "Mama, naomba suti yangu. Wimbo nimeshaupokea mara tano."

Shangazi alisubiri wakili atoke, kisha akamkata Chiriku jicho.

"Unawafukuza watu kwa kitu kizuri. Hata uji mtamu, ukimmiminia mtu kichwani, atakimbia."

Jioni hiyo hiyo, chini ya wimbo wake, Chiriku alikuta maoni ya kwanza kutoka kwa mtu asiyemjua. Alijiita Sikio Moja. Aliandika: "Sauti asali. Lakini mbona umeimba ndani ya pipa?"

Maneno yalimchoma. Akaandika jibu refu lenye matusi matatu, yamepangwa vizuri kama mashati yaliyokunjwa. Akalisoma, akalifuta lote. Akaandika: "Pipa liko wapi? Nionyeshe nilitoe."

Wakaanza kuzungumza kwa simu. Sikio Moja alikuwa mzee aliyeendesha mitambo ya sauti ukumbini kwa miaka mingi, hadi sikio lake la kushoto likagoma. "Lililobaki limejifunza kazi ya mawili," alisema. "Sasa simama katikati ya chumba chako, piga kofi moja, halafu unyamaze. Nini kinakujibu?"

Chiriku akapiga. Sauti ikaruka ukutani, ikapanda darini, ikarudi ikilia nyiii.

"Bati," akasema.

"Basi kwenye wimbo mko wawili, na mwenzako hajui maneno."

Wiki nzima Chiriku alitembea akipiga makofi. Jikoni, vikombe vilimjibu. Kwenye ujia, jirani alichungulia akauliza kama mbu wamekuwa wengi kiasi hicho. Chooni kofi liliitika kama mhubiri. Alhamisi, akiwa kazini nyuma ya duka, alitundika koti la mwisho kati ya safu mbili za makoti mazito yaliyosubiri wenyewe, na kwa mazoea tu akapiga kofi.

Likafa papo hapo. Hakuna kilichorudi.

Akapiga tena. Kimya kama pamba.

"Unaua nini huko?" shangazi akauliza kutoka kaunta.

"Mwangwi, shangazi! Nimepata mahali unapofia!"

Kupata mahali ni jambo moja, kupata ruhusa ni jingine. Shangazi alisema duka si ukumbi. Chiriku akaomba Jumapili mchana tu, duka likiwa limefungwa. Shangazi akalitazama gauni la bibi harusi lililoning'inia ndani ya nailoni.

"Lile usilisogelee. Ukilipumulia tu, nakurudisha kwa baba yako." Kisha akaongeza, "Na mimi nitakuja kulilinda."

Jumapili shangazi akaja, akaketi kwenye stuli, funguo mapajani. Chiriku akaingia kati ya makoti na fagio lake. Mara ya kwanza, feni iliingia kwenye rekodi. Wakaizima. Mara ya pili, lori likapiga honi nje. Mara ya tatu hakukuwa na kelele yoyote, lakini sauti ilitoka imebana, kama nguo iliyorudi ndani ya maji.

"Shangazi, ungetazama pembeni kidogo."

"Natazama gauni. Wewe unaimba kana kwamba umeitwa na mkaguzi. Ulipoutunga wimbo huu mikono yako ilikuwa wapi?"

Chiriku akaitazama mikono yake. Ilikuwa kwenye pasi. Akaivuta meza ya kupigia pasi hadi kati ya makoti, akaishika pasi ya baridi, akaanza kuisukuma juu ya shuka. Kwenda, kurudi, kuinua, kupumua. Akaimba. Aliposikiliza rekodi, chini ya sauti yake kulikuwa na mkwaruzo laini wa pasi juu ya kitambaa, na akajua hana haja tena ya ngoma aliyoipakua mtandaoni.

Kazi haikuishia hapo. Sikio Moja aliurudisha wimbo mara tatu. "Besi inamkanyaga mwimbaji." "Sasa mwimbaji anapiga kelele sikioni kwangu, na ninalo moja tu." Kisha akampa siri ya kazi: "Usisikilize kwenye hedfoni nzuri peke yake. Tafuta simu mbovu kuliko zote nyumbani kwenu. Maneno yakisikika humo, yatasikika popote." Simu hiyo ilikuwa ya shangazi, iliyowahi kuzama ndani ya ndoo ya sabuni. Ikawa hakimu. Wimbo ulipopita humo, Sikio Moja alijibu: "Nina maneno mawili tu. Sasa nimekusikia wewe."

Hayo ni matatu, Chiriku akahesabu, lakini hakumsahihisha.

Kuhusu kuutangaza, mzee alimuuliza, "Katika hao wote uliowatumia, ni nani ungeweza kumwimbia uso kwa uso?"

Chiriku alifikiri sana. Wakatimia tisa. Akawaandikia tisa hao tu, kila mmoja kwa maneno yake, akimweleza kwa nini amemkumbuka yeye. Kwa wengine wote aliacha kugonga mlango. Badala yake akawa anaweka video fupi mtandaoni: mikono yake ikinyoosha kola, wimbo ukipita chini, na maelezo mafupi ya jinsi pasi ilivyogeuka ngoma. Anayetaka aje mwenyewe.

Kati ya wale tisa alikuwemo mama mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyeleta makoti yake meupe kila Jumatatu. Baada ya wiki mbili alisimama kaunta akionekana ana jambo.

"Nina kosa la kuungama. Wimbo wako nimeutumia kazini bila kukuomba."

"Kazini wapi?"

"Kwa wagonjwa wangu. Waliopata kiharusi, wanajifunza kutembea upya. Nyimbo nyingi zinawakimbiza, wanajikwaa. Wako unawangoja. Ila una tatizo: unaisha dakika ya tatu, na mgonjwa wangu bado yuko katikati ya chumba. Unaweza kuurefusha?"

Chiriku akaanza kuhesabu beti kwa vidole.

"Ataurefusha," shangazi akajibu kwa niaba yake.

Jumapili iliyofuata walirekodi dakika kumi. Kwa kuwa Chiriku alihitaji pumzi zake zote, pasi aliishika shangazi. Aliisukuma bila kuyumba hata mara moja, uso mkavu kama wa dereva. "Maisha yangu yote napiga pasi," alisema walipomaliza, "leo ndiyo kwanza mtu amenisikiliza."

Wimbo ule mrefu ukatembea kwa miguu yake. Mtaalamu aliwapa wenzake, nao wakawapa wenzao. Wasikilizaji wakawa mia, kisha mia sita. Si wingi wa kutisha, lakini walirudi kila siku, na waliandika. Binti mmoja wa mbali aliandika: "Baba leo amefika mlangoni." Chiriku aliusoma ujumbe huo huku amesimama, akaketi, akausoma tena.

Siku moja mtaalamu aliwaalika waje waone. Katika chumba kirefu, dereva wa lori wa zamani alikuwa anatembea kati ya vyuma viwili, na wimbo unatoka kwenye spika ndogo dirishani. Alipofika mwisho, akapumua, akawatazama wageni bila kuwajua.

"Huyu mwanamke anaimba vizuri," akasema, ulimi bado mzito. "Lakini wimbo wake ni wa sakafu. Kwangu kuna ngazi saba. Wa ngazi nani ataniimbia?"

Chiriku akachuchumaa mbele yake.

"Mguu gani unatangulia, baba?"

"Huu mzima."

"Na huu mwingine unaufuata upesi, au unautafakari kwanza?"

Mzee akacheka hadi akashika chuma. Kisha akaunyanyua mguu ili amwonyeshe, na Chiriku akaanza kugonga taratibu kwenye paja lake mwenyewe, akiutafuta mwendo.